Nani aliuliza lile swali?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi na vijana wakimbizi wa Masisi na Walikale. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu. Mahali hatutaji, munajua sababu.

Ninyi mumesimama kule mulangoni. Sogeeni, nafasi iko.

Waliponiambia nije kuongea juu ya "amani na usalama" nilicheka. Sisi watu wa Masisi tumesikia hayo maneno mawili tangu tulipokuwa mugongoni kwa mama. Yameandikwa kwenye bashi, kwenye milango ya jeep, kwenye kofia za atelie. Sasa mimi leo siko naongea juu ya amani yenyewe. Naongea juu ya franga ya amani, na juu ya wasomi wanaofanya maisha yao yote karibu na hiyo franga. Juu hiyo ni kazi kabisa, iko na ngazi zake kama jeshi iko na vyeo vyake. Na wengi wetu hapa tumeshaifanya, kwenye ngazi ya chini sana, bila kujua ngazi inaenda mupaka wapi.

Nianze na mambo yangu.

Mwaka wa 2014 nilikuwa na diploma ya serikali mufukoni na kazi hakuna. Mutafiti mumoja kutoka iniversite ya mbali alikuwa anatafuta kijana anayesikia Kihunde, Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Dola 20 kwa siku, na chakula. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Tulizunguka majuma matatu: Sake, Mushaki, Masisi-centre, Nyabiondo, kisha Kitchanga, Mweso, mupaka Kalembe, pale Walikale inapoanza. Pikipiki mbili, matope, na barieri zile munazozijua. Mimi nilitafsiri. Mimi pia njo niliandika kwenye daftari ya shule: jina, kijiji, namba ya simu. Watu 43.

Swali lake lilikuwa moja: madini yanalisha vipi makundi ya silaha. Ni swali zuri. Lakini watu walimujibu juu ya mashamba. Kulikuwa na muzee mumoja Nyabiondo, alitumia saa mbili kueleza mupaka wa shamba la baba yake: ulipita wapi, ferme ya ng'ombe ilikuja mwaka gani, karatasi ilitoka ofisi gani, nani alikufa juu ya ile karatasi. Mwishoni mutafiti aliuliza, kwa heshima: "Na koltani, muzee?" Yule muzee aliniangalia mimi, hakumuangalia yeye. "Mwambie koltani iko Rubaya. Mimi niko naongea juu ya shamba."

Nilitafsiri. Mutafiti aliandika mistari miwili.

Sitaki mumuchukie. Alikuwa mutu mwema, alilala kwenye mukeka kama sisi, alilipa kila siku bila kusumbua. Ila swali lake lilikuwa limeshasainiwa kabla apande ndege. Mufadhili alilipa jibu la madini. Akirudi na jibu la mashamba, atamueleza nini?

Alienda. Miezi michache kisha, vita ilisogea kwetu. Ile daftari ilikuwa chini ya kitanda changu. Usiku mumoja nilisikia risasi upande wa soko, nikafikiri: wakiikuta hii, ni watu 43. Niliitupa ndani ya choo. Rapoti ilitoka mwaka uliofuata, kwa Kiingereza. Kwenye ukurasa wa mbele waliandika asante kwa wale wote "ambao hatuwezi kutaja majina yao juu ya usalama wao". Mimi niko ndani ya hao. Muzee wa Nyabiondo pia iko ndani ya hao. Mashamba yalipata aya moja. Nilimukuta muzee sokoni, akaniuliza: "Ile jibu ilifika?" Nilisema bado.

Tangu siku ile nilianza kutafuta: nani alisaini lile swali? Niliyoyapata njo nawaletea leo.

Franga hii iko na babu yake. Anaitwa Andrew Carnegie, mutoto wa mufumaji maskini wa Scotland aliyetajirika na chuma Marekani. Mwaka wa 1910 alitoa dola milioni 10 kuanzisha shirika la kutafuta amani kati ya mataifa, mwaka wa 1911 akaanzisha Carnegie Corporation ya New York, ambayo mupaka leo inalipa watafiti wa amani na usalama. Ile barua aliyoandika mwaka wa 1910 inanifurahisha na kunihuzunisha pamoja. Aliwaagiza wasimamizi wake kwamba vita ikishaisha duniani, wakae watafute uovu gani mwingine unaofuata, franga iende kule. Alifikiri vita itaisha, na franga itabaki. Miaka ine kisha, Ulaya nzima iliwaka moto.

Baada yake walikuja wengine wengi. Na ndani ya hayo mashirika kuna kazi moja ambayo hapa kwetu haina jina. Ni mutu anayekaa katikati ya franga na swali. Mara nyingi ni profesa ao daktari wa iniversite aliyeacha kufundisha. Yeye hachimbi, hapigani, hata haandiki sana. Anasoma barua za wenye kuomba. Anaita watu kumi kwenye chumba, wanaongea siku mbili juu ya "pengo la maarifa". Anaandikia wakubwa wa shirika karatasi fupi: tulipe hii, tuache ile. Wakubwa wakikubali, swali limezaliwa. Kisha maprofesa wa inchi tano wanaanza kuliuliza, wanafunzi wao wanaliuliza, na siku moja linashuka Sake likiwa juu ya pikipiki, linakodi kijana kwa dola 20.

Na swali linaweza pia kufa vile vile. Shirika la MacArthur, la Chicago, lililipa kazi juu ya silaha za nyuklia kwa miaka makumi. Mwaka wa 2021 wakatangaza kwamba wanatoka. Mabomu yalikuwa bado yako. Walibadilisha mupango tu.

Sasa tuangalie mutu mumoja ambaye wengi wenu munamujua kwa jina, Jason Stearns. Namuchukua yeye juu njia yake inaonekana vizuri, kila ngazi. Mumarekani huyu alifika Bukavu mwaka wa 2001, kijana, akafanya kazi na Héritiers de la Justice, shirika la haki za watu la kwetu kabisa. Alijifunza Kiswahili. Akapita MONUC, kisha International Crisis Group. Mwaka wa 2008 aliongoza Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya Congo. Ile rapoti yao ya Desemba 2008 ilionyesha musaada wa Rwanda kwa CNDP ya Laurent Nkunda, ile iliyokuwa inatawala vilima vya Masisi, na pia ikaonyesha wakubwa wa jeshi letu wakishirikiana na FDLR. Sweden na Uholanzi walizuia musaada wao kwa Rwanda. Rapoti ya karatasi, wandugu, na serikali mbili zikafunga mufuko. Kisha akaandika kitabu, akasoma udaktari Yale, leo ni profesa Simon Fraser, kule Canada. Mwaka wa 2015 alianzisha kundi la utafiti juu ya Congo kwenye iniversite ya New York.

Lakini kipande ninachotaka mushike ni cha 2012 na 2013. Wakati ule aliongoza proje moja iliyoitwa Usalama, ndani ya Rift Valley Institute, pamoja na Iniversite Katolike ya Bukavu. Franga ilitoka kwa Humanity United. Humanity United ni nani? Ni shirika la familia ya Omidyar, bwana aliyetengeneza eBay, soko la intaneti. Fuateni mulolongo: mutu wa Marekani anauza viatu vya zamani kwenye intaneti, kipande kidogo cha ile biashara kinageuka utajiri, utajiri unageuka shirika la amani, shirika linalipa proje, na mwaka wa 2013 inatoka rapoti juu ya PARECO, kundi la Masisi, la vijana ambao wengine tulisoma nao. Na ile rapoti inasema nini kwenye kichwa chake chenyewe? Ardhi, wakubwa wa mahali, na mizizi ya siasa ya wanamgambo katika Kivu ya Kaskazini.

Ardhi! Neno la muzee wa Nyabiondo. Mwaka mumoja mbele ya siku nilipomutafsiria.

Nilipoisoma nilikasirika, kisha nikatulia. Franga ilikuwa ya wafadhili wa mbali, kama ile ya mutafiti wangu. Ila swali lilishikwa na mutu aliyekaa hapa miaka, anayesikia lugha, anayefanya kazi na iniversite ya Bukavu. Kwa hiyo musiseme "franga ya wazungu inaharibu kila kitu". Hiyo ni rahisi sana. Ulizeni nani ameshika swali.

Kuna profesa mwingine, mwanamuke, Séverine Autesserre, Mufaransa anayefundisha Barnard College, New York. Kitabu chake cha 2010 kilisema jambo ambalo mama yangu angesema bure: wanadiplomasia na walinda amani walikaa Kinshasa na Kigali kutafuta amani kati ya wakubwa, na ugomvi wa shamba, wa kiti cha mwami, wa grupema, wakauita si kazi yao. Juu ya kitabu hicho alipewa mwaka wa 2012 zawadi ya Grawemeyer, dola 100,000, iliyoanzishwa na tajiri mumoja wa Louisville, Kentucky. Munacheka. Mimi pia nilicheka: mama yangu hakupata hata fanta. Lakini angalieni, mama yangu hangesikiwa New York. Huyu alisikiwa. Na mwaka wa 2012 aliandika tena, akisema hadithi juu ya Congo zimekuwa tatu tu: sababu ni madini, matokeo ni ubakaji, dawa ni kujenga serikali. Mengine yote hayapati mulango.

Hapa njo tunaingia Walikale, juu Walikale ililipa bei ya ile hadithi.

Wale wa Walikale munajua Bisie. Wengine hapa mulizaliwa juu ya ile franga. Kasiteriti ilionekana kule mwaka wa 2002, ndani ya pori. Mujomba wangu alikuwa anabeba: kilo 50 mugongoni, siku mbili kwa miguu mupaka Njingala, kutoka pale gari, mupaka ndege ndogo zilizotua kwenye barabara ya Kilambo. Ndio, barabara, wanasimamisha pikipiki, ndege inashuka. Wanajeshi walikula pale kila hatua, hakuna anayekataa. Yalikuwa mateso na yalikuwa maisha, vyote viwili.

Mwaka wa 2010, mwisho wa Julai, watu wa vijiji vya Luvungi na jirani yake, barabara ya Kibua kwenda Mpofi, walishambuliwa siku ine. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya 380 waliobakwa. Dunia nzima iliandika: ni vita ya madini. Juma moja mbele yake, tarehe 21 Julai, Marekani ilikuwa imesaini sheria ya Dodd-Frank, na kipande chake cha 1502 kililazimisha kampuni kutangaza kama bati, koltani, wolframu ao dhahabu yao imetoka Congo ao inchi jirani. Mashirika ya kutetea, yanayoishi kwa franga ya wafadhili, yalikuwa yamepigania sheria ile miaka. Walikuwa na nia njema, hilo naliamini. Septemba, Rais Kabila alifunga uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema. Aliufungua Machi 2011. Ulipofunguliwa, wanunuzi wakubwa hawakutaka tena muchanga wa kwetu. Ni taabu nyingi kuonyesha kwamba ni safi, afazali kununua kwingine.

Mujomba wangu alirudi nyumbani na mifuko mitupu. Minervali ya watoto wake ine ilikosa. Wawili hawakurudi shule. Mumoja wa hao wawili alichukua bunduki, na mimi siwezi kuwaambia kwamba sheria ya Marekani ilimupa ile bunduki. Lakini siwezi pia kuwaambia kwamba ilimunyanganya.

Septemba 2014, wasomi na wataalamu 70, Wakongomani na wageni, walisaini barua ya wazi wakisema kampeni ya madini ilikosa njia: inaumiza wachimbaji na haigusi mizizi ya vita. Ni barua nzuri. Ilifika miaka ine kisha. Soma majina, utakuta ndani watu waliolipwa na mashirika ya aina ile ile. Ndiyo maana nasema hii kazi si ya malaika wala ya shetani.

(Hapa dada mumoja aliuliza: "Sasa tufanye nini, tukatae kufanya kazi nao?")

Asante, dada. Hapana. Mimi sikatai dola 20, na sitakuambia wewe ukatae wakati mutoto iko na njaa. Tena angalia wakati wenyewe. Mwaka wa 2025 Marekani ilifunga USAID, na wengi wenu hapa mulipoteza kazi juma moja. Serikali zikipunguza, watakaobaki na sauti kubwa ni hayo mashirika ya matajiri. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu Aprili 2024. Machi 2025 walifika Walikale-centre, wakatoka mwezi uliofuata. Bisie ya leo, ile ya kampuni ya Alphamin, ilisimamisha mashini kisha ikawasha tena. Juni 2025 Congo na Rwanda walisaini mapatano Washington, na madini yakaingia tena ndani ya maongezi ya amani. Kwa hiyo watafiti watarudi, wakiwa na swali jipya, ao la zamani na koti jipya. Na watatafuta kijana anayesikia Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga.

Kuna watu wametutangulia kwenye haya. Watafiti wa Bukavu, Emery Mudinga, Aymar Nyenyezi Bisoka na wenzao, pamoja na maprofesa wa Ubelgiji waliokubali kujiangalia kwenye kioo, waliandika mambo yote haya bila kuficha: asistanti anayebeba hatari na hana bima, jina linalopotea, mutafiti anayepanda ndege wakati yule wa hapa anabaki kujibu maswali ya wenye silaha. Kitabu kilitoka mwaka wa 2020, kinaitwa Bukavu Series. Nilipokisoma nilifunga mulango nikalia, bila haya nawaambia. Nilifikiri daftari ndani ya choo ni siri yangu peke yangu.

Na ngazi ya juu nayo, Waafrika wameanza kuikalia. Funmi Olonisakin, Munigeria, profesa wa King's College London, alianzisha African Leadership Centre Nairobi mwaka wa 2010. Inafundisha vijana wa Afrika kazi ya amani na usalama. Kuna pia African Peacebuilding Network, iliyoanza 2012 na franga ya Carnegie, ile ile ya muzee wa chuma. Inalipa watafiti Waafrika wafanye maswali yao wenyewe. Najua munafikiri nini: Kiingereza. Ndiyo, Kiingereza ni mulima, na sisi tumesomeshwa Kifaransa. Mimi nimeanza nikiwa na miaka 31, nasoma usiku kwenye simu, mwanangu ananicheka matamko.

Kwa wakati huu, ukikodiwa, uliza mambo ine kabla ya kupanda pikipiki. Nani amelipa? Swali liliandikwa lini, na nani? Daftari ya majina itabaki na nani, na ikiwa vita inakuja inaenda wapi? Na jibu litarudi kwa lugha gani? Mutafiti mwema hatakasirika. Mumoja alinishukuru, tukabadilisha maswali matatu palepale Mushaki, juu ya boneti ya gari. Na kuhusu jina lako: wakati mwingine kulificha ni sawa, tena ni lazima. Lakini wakuulize wewe kwanza.

Jambo la mwisho. Ile rapoti ya PARECO iko kwa Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili changu cha kuitafsiri kimefika ukurasa wa kumi na moja, na kuna maneno ya sheria ya ardhi yananishinda. Jumamosi saa tatu ya asubui tunaanza kuisoma pamoja hapa hapa. Mwenye kusoma droit aje, namuhitaji sana. Wenye wazazi Nyabiondo, Mweso, Pinga, mukuje na namba zao za simu kichwani, musiandike. Tukikuta mupaka wa shamba ulioandikwa vibaya, tutapiga simu tuulize. Muzee wangu bado iko hai, iko kwenye kambi ya wakimbizi, masikio yake yamepungua kidogo. Yeye nitamusomea mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa.